Sikusikia Maji Yakichemka

Jumapili ile gari lilirudi nyumbani likisukumwa. Nilikuwa nimekaa nje ya mlango kwenye kiti cha plastiki, natoa mawe kwenye mchele. Kwanza nikaona vichwa vya wanaume wanne vimeinama nyuma ya gari, halafu nikamwona mwanangu wa mwisho ndani, ameshika usukani, uso umekunjamana kama shati lililokaukia kwenye beseni. Mmoja wa wale waliosukuma, ambaye mimi na nyanya yake tulihamia estate hii mwaka mmoja, aliniambia kwamba hii sasa si gari tena, ni mkokoteni wenye redio. Nikamjibu kwamba mkokoteni wa babu yake haukuwa hata na redio. Wote wakacheka isipokuwa mwanangu.

Alishuka akafunga mlango polepole, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

"Imechemka tena, mathe," akasema. "Mimi nimechoka. Nimeongea na mtu wa vyuma. Anakuja kuichukua Jumamosi."

Mtu wa vyuma akichukua gari halirudi. Milango huenda sokoni Gikomba, viti huenda kwa kinyozi, na mwili unaobaki hupimwa kwa kilo. Gari lenyewe lilikuwa la marehemu mume wangu, saluni ya Kijapani ya zamani, nyeupe iliyogeuka rangi ya maziwa ya jana. Alipoenda, kitabu cha gari kilibaki kwa mwanangu, kwa sababu yeye ndiye anayejua kuendesha. Mimi sijui kuendesha. Kuwasha najua. Mume wangu alinifundisha kuwasha ili betri isife akiwa safarini, na alinifundisha vizuri: gia katikati, breki ya mkono juu, ufunguo taratibu, usiguse kingine chochote.

Sasa ngoja niseme kwa nini nililia kidogo kwenye ule mchele.

Nina rafiki. Jina lake ninalo, na la mama yake, na la yule mbuzi aliyekuwa akifungwa nyuma ya nyumba yao Majengo, kwa maana mimi sisahau jina la mtu wala la mnyama. Lakini hapa sitaandika jina hata moja, kwa sababu wengi nitakaowasema bado wako hai na tunanunua sukari kwenye kibanda kimoja. Rafiki yangu huyu na mimi tulianza kuuza pamoja tukiwa wasichana, yeye mahamri, mimi chai. Mteja akija kwangu nampeleka kwake, akija kwake ananiletea. Yeye anaswali, mimi naimba kanisani, na kwa miaka hii yote tumegombana mara mbili tu, na mara zote mbili ilikuwa juu ya iliki.

Mwanawe amemhamishia Tassia, nyumba nzuri, maji yapo, lakini orofa ya nne, na lifti hakuna. Magoti yake yamekwisha. Kupanda matatu hawezi. Teksi ya kuitwa kwa simu tumejaribu: dereva anangoja dakika tano, rafiki yangu anahitaji nusu saa kushuka ngazi, akifika chini dereva keshaenda. Mara moja alifika akakuta moshi tu. Kwa hiyo gari letu ndilo miguu yake. Kila Idi, watu wakishatoka kuswali na watoto wakishapewa vyao, tunamchukua na kumpeleka Majengo, tunaegesha kwenye uchochoro wake wa zamani, tunafungua milango yote minne, na yeye anakaa kiti cha mbele kama bibi harusi. Hashuki. Majirani wa zamani ndio humjia dirishani na sahani zao, mmoja mmoja, na yeye anaonja na kutoa hukumu. Mimi hukaa nyuma nikila hukumu zake.

Wiki ile ndiyo ilikuwa ya Idi. Ijumaa au Jumamosi, tulikuwa tunangoja mwezi. Na gari likishakatwakatwa, mimi na yeye tungebaki kuwa sauti mbili kwenye simu.

Jioni ile ile akanipigia. Hakunisalimu vizuri, aliuliza tu tutamjia saa ngapi. Akasema ameanza mazoezi: jana alishuka mpaka orofa ya tatu akarudi, na leo ameteremka ngazi mbili zaidi. Sikumwambia habari za mtu wa vyuma. Nilimwambia avae viatu visivyoteleza.

Lakini kulikuwa na jambo lililonikaa kooni tangu mchana. Mimi nimepika chai ya harusi na ya matanga kwa zaidi ya miaka arobaini, katika sufuria ambazo mtoto angeweza kujificha ndani. Sufuria iliyochemka naijua bila kufunua. Hata ukiitoa motoni inaendelea kunung'unika, kifuniko kinatetemeka, harufu ya joto inakujia usoni. Gari lile lilipita hatua mbili kutoka kwenye kiti changu, eti limechemka, na sikusikia kitu. Lilikuwa kimya kama sufuria ya jana.

Gari likichemka kweli naijua sauti yake. Miezi kadhaa nyuma lilituchemkia Jogoo Road, karibu na Makadara, kwenye msongamano wa mchana. Mpira unaopeleka maji kwenye rejeta ulipasuka, tukasikia pssss, mvuke mweupe ukafunika kioo chote, na harufu kama ya pasi iliyosahauliwa kwenye nguo. Rafiki yangu alikuwa mbele, ameshika sinia la mahamri mapajani. Mwanangu aliruka nje akishika kichwa. Rafiki yangu aliutazama ule mvuke, akasema angalau wali ungeiva. Tulikaa kando ya barabara tukala mahamri yote tukingoja fundi.

Yule fundi wa kwanza alibadilisha mpira, na hapo alifanya vizuri. Lakini kwa wema wake akaongeza na lingine: akaunga waya wa feni moja kwa moja, ili ukizungusha ufunguo tu feni iwake na isizime tena, usiku na mchana, baridi na joto. Alisema hivyo hatutapata shida tena. Tangu siku ile feni ikawa inavuma kama mashine ya posho, na tangu siku ile ile mshale wa joto ukaanza kupanda mpaka kwenye wekundu.

Fundi wa pili akasema ni kifuniko cha rejeta. Kikabadilishwa. Akasema basi ni rejeta yenyewe. Ikabadilishwa. Mshale haukujali. Wa tatu hakufungua hata boneti vizuri, aliutazama mshale, akautazama moshi mweusi uliokuwa ukitoka nyuma, akasema gasketi ya kichwa cha injini imeungua, injini ifunguliwe yote au itafutwe nyingine. Majina yao ninayo. Wa tatu nilimbeba akiwa na siku nane, siku mama yake alipompeleka kliniki mara ya kwanza, na hata wakati ule alikuwa na haraka.

Mwanangu alimwamini wa tatu. Mimi nilinyamaza, maana yeye amesoma na mimi niliishia darasa la tatu, na mtu habishani na mshale mwekundu kwa sababu ya masikio ya mpika chai.

Jumatatu asubuhi, mwanangu alipokwenda kazini, nilichukua ufunguo kwenye msumari. Gari lilikuwa limelala usiku kucha, boneti ina umande. Nikafungua boneti kwanza, nikaweka kijiti chake. Nikaingia, gia katikati, breki ya mkono juu, nikazungusha ufunguo. Injini ikawaka, feni ikaanza kelele yake. Nikautazama mshale. Haukupanda, uliruka. Kabla sijahesabu kumi ulikuwa umefika kwenye wekundu na kukaa hapo kama mgeni aliyepewa kiti.

Nikatoka, nikaweka kiganja juu ya ule mpira mkubwa wa juu. Baridi. Baridi kama chupa ya soda. Nikangoja, nikagusa tena. Bado.

Nilisimama pale nikicheka peke yangu. Jirani anayeanika nguo aliniuliza kama niko sawa, na kama naweza kuuzima ule moshi mweusi kabla haujafikia shuka zake. Nikamwambia nimepata sufuria inayochemka maji yakiwa baridi. Akaniambia nikapumzike.

Jumanne nilitembea mpaka Makadara kumtafuta fundi wa waya, yule wa umeme wa magari. Huyu ni mtu mzima, ndevu zimeanza mvi, anafanyia kazi chini ya turubai la bluu, na sifa yake ni kwamba hafungui boliti yoyote kabla ya kuuliza maswali. Kwa sababu hiyo vijana humwita daktari, na wenye haraka hawamwendei. Mume wangu alimpenda sana. Aliponiona alipangusa kiti kwa kofia yake.

Aliniuliza: mkiwasha asubuhi, injini ikiwa baridi, mshale unachukua muda gani kupanda? Nikamwambia hata leso sijaifunga vizuri. Akaniuliza maji yanapungua? Nikasema hayapungui, naangalia kila asubuhi kabla halijawashwa. Moshi ni mweupe au mweusi? Mweusi, kama wa lori la makaa. Petroli? Mwanangu analia juu ya petroli. Halafu akauliza kama nimewahi kugusa mpira wa juu.

"Niligusa jana," nikamwambia. "Baridi. Mshale uko juu na mpira ni baridi."

Akaweka bisibisi chini.

"Shosho," akasema, "wale mafundi watatu, kuna mmoja aligusa?"

Nikasema hakuna aliyegusa. Wote waliangalia mshale.

Jumatano akaja estate na begi lake dogo. Bahati mwanangu alikuwa na zamu ya usiku, kwa hiyo alikuwepo, amekunja mikono, amesimama kama shahidi upande wa pili. Fundi alinieleza mimi, si yeye, na nilimpenda kwa hilo. Alisema pale kwenye injini kuna kidude kidogo, sensa, kinachoonja joto la maji, kama vile mimi ninavyochovya kidole kwenye maziwa ya mtoto. Kutoka hapo waya mmoja unapeleka habari kwa mshale. Waya huo ukigusa chuma cha gari mahali popote njiani, mshale unadhani maji yanaungua. Kwa hiyo tutaanza kwa kumnyamazisha anayeleta habari.

Akaagiza niwashe. Niliwasha mimi, mbele ya mwanangu, na nilijiona mrefu. Mshale ukaruka kwenye wekundu. Fundi akauchomoa waya kutoka kwenye sensa, akaushika juu hewani ili wote tuuone.

"Sasa sensa haisemi na mtu," akasema. "Mshale unafaa ulale. Umelala?"

Nikatazama. Haukulala. Ulikuwa pale pale juu, mwekundu, bila aibu.

Mwanangu akakunjua mikono. Akaja akachungulia, akarudi akautazama ule waya mkononi mwa fundi, akachungulia tena.

"Kwa hiyo unaambiwa na nani?" akauliza.

Fundi alizima gari, akaanza kuufuata waya kwa vidole, inchi kwa inchi, macho amefumba nusu, kama mtu anayesali rozari. Ulipita chini ya betri, ukazunguka, ukaja mbele mpaka kwenye feni. Hapo vidole vikasimama. Yule fundi wa kwanza, alipokuwa anaunga feni yake ya kuvuma bila kupumzika, aliuweka waya wa mshale chini ya chuma cha feni na kukaza boliti juu yake. Ngozi ya waya ilikuwa imekatika, shaba imegusana na chuma. Dawa ya ugonjwa wa kwanza ndiyo ilileta ugonjwa wa pili, na ule wa pili haukuwa ugonjwa.

Akaifungua boliti. Akauvuta waya. Akamwambia mwanangu azungushe ufunguo. Mshale ukalala chini kabisa, kama mtoto aliyeshiba.

Mwanangu alibaki kwenye kile kiti cha dereva, akaugonga ule mshale kwa kidole. Miezi mingapi alikuwa amesukumwa barabarani mbele za watu, injini ikiwa haina hata homa.

Lakini hakukubali haraka, ni wa baba yake. Alisema sawa, mshale ulidanganya, lakini moshi hauna waya. Moshi mweusi ni injini imekufa, na mtu wa vyuma atakuja Jumamosi.

Fundi akasema moshi una sababu, na akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. Aliniuliza kama marehemu aliwahi kuitoa themostati. Nikamwambia sijui hicho ni nini. Akasema ni mlango mdogo wa chuma, wa mviringo, una springi, unakaa mahali maji yanapotokea kwenye injini. Maji yakiwa baridi mlango unafungwa ili injini ipate joto. Yakipata joto unafunguka yaende kwenye rejeta yakapoe. Mafundi wetu huku, gari likichemka kidogo tu, wanautoa na kuutupa. Wanasema ni wa nchi za barafu, Nairobi una kazi gani. Basi injini haipati joto kamwe. Kuna sensa nyingine, ya ubongo wa gari, na hiyo haidanganyi, inasema ukweli kwamba ni baridi. Ubongo unadhani bado ni alfajiri, unamimina petroli zaidi ili injini iamke. Petroli isiyoungua vizuri ndiyo moshi. Na feni isiyozima ikaongeza baridi juu ya baridi.

Alipokuwa anaeleza, mimi nilikuwa nimeshaingia ndani. Kabatini nina kopo la vifungo. Miaka mingi nyuma mume wangu alirudi kutoka kwetu Murang'a, gari lilikuwa limemsumbua kwenye mlima, akaniwekea mkononi kitu cha shaba chenye springi, akasema weka, usitupe, siku moja kitaulizwa. Yule bwana alisema hivyo juu ya kila kitu. Alisema hivyo juu ya miwani isiyo na vioo. Nikakitupia kwenye kopo, na tangu hapo wajukuu wamekizungusha sakafuni kama pia.

Nilimletea fundi. Alikitazama, akakibusu. Nilimwambia asimbusu mume wangu mbele ya watu.

"Shosho, tuna moto?" akauliza.

Sasa hapo ndipo kazi iliingia mkononi mwangu. Aliniambia kitu hiki hupimwa kwenye sufuria: unakitia kwenye maji, unapasha, unaona kama kitafunguka. Kikifunguka mapema ni kibovu, kisipofunguka mpaka maji yachemke ni kibovu, kinatakiwa kifunguke kabla kidogo. Nilitoa jiko nje, makaa yalikuwa bado mekundu ya chai ya asubuhi. Nikaweka sufuria yangu ndogo. Fundi akakifunga kitu kile kwa uzi akakining'iniza ndani ya maji, ncha ya juu ya uzi akaishika mwanangu. Jirani wa shuka akaja. Wale waliosukuma gari Jumapili wakaja, wawili wao. Tukazunguka sufuria ya maji matupu watu sita, kama tumekosa chakula.

Fundi akasema angekuwa na kipimajoto ingekuwa rahisi. Nikamwambia kipimajoto kimesimama hapa na leso. Maji yana maneno yake. Kwanza yako kimya. Halafu yanaanza kuimba, sauti nyembamba, vipovu vidogo kama mbegu vinashika chini. Halafu wimbo unakuwa mzito. Halafu yananyamaza kidogo, na baada ya huo ukimya ndipo yanapasuka. Nikainama.

"Yanaimba," nikasema. Mlango haujafunguka. "Yanaimba mazito. Sasa. Kama ni kizima, kifunguke sasa."

Na mbele ya macho yetu ile springi ikasukumwa, polepole, na ule mlango wa shaba ukafunguka upana wa kucha, kama jicho la mtu anayeamka. Mwanangu aliuachia ule uzi kwa mshtuko, kitu kikazama. Jirani alipiga makofi. Mmoja wa wale wasukumaji akasema sasa tumeona chuma kikihema. Fundi akakitoa kwa kijiko, kikapoa, kikafunga mlango wake. Tukakirudisha, kikafungua tena, pale pale kwenye wimbo mzito. Watu walitaka kuona mara ya tatu na nikakataa, makaa ni yangu.

Mchana ule fundi aliyamwaga maji ya zamani, na yalitoka mekundu kama chai ya rangi iliyosahauliwa, kutu tupu, kwa sababu tulikuwa tunajaza ya bomba. Akasafisha mpaka yakatoka meupe, akaweka yale ya kijani ya dukani yasiyoleta kutu. Akakata gasketi ya karatasi ngumu, akarudisha mlango mahali pake pa haki. Ule waya wa mshale akaufunga kwa tepu pale ulipokatika, akaurudisha kwenye sensa. Halafu akairudishia feni waya wake wa zamani, iwake yenyewe joto likifika na izime yenyewe. Alipowasha, gari likawa kimya. Moshi ulitoka mweusi kidogo, ukawa kijivu, na mshale ulipoanza kupanda, taratibu, kama mtu mwenye heshima zake, moshi ukaisha kabisa. Mshale ukafika katikati, ukakaa.

Mwanangu alisema maneno machache, na niliyapokea hivyo hivyo. Alisema hapa kwenye kivuli kila gari ni zima. Mwezi ukionekana kesho, Ijumaa atalipeleka Tassia na Majengo na jua lote. Mshale ukigusa wekundu mara moja tu, Jumamosi mtu wa vyuma aje. Usipogusa, atampigia asije.

Alhamisi jioni mwezi ulionekana. Rafiki yangu alinipigia kabla redio haijasema.

Ijumaa tuliondoka, mimi kiti cha nyuma, nimevaa nguo ya harusi za watu. Mwanangu hakuitazama barabara sana. Aliutazama mshale kama maziwa yaliyo motoni. Njiani hatukusikia feni hata mara moja, na hilo lilimtesa zaidi, maana alikuwa amezoea ile mashine ya posho. Aliniuliza mara tatu kama nasikia feni. Nikamwambia hujaambiwa kuna joto, unataka iwake ya nini.

Tulifika Tassia jua likiwa juu ya vichwa. Tukaegesha chini ya jengo lake, na hapo hakuna kivuli, ukuta mmoja unamrushia mwingine jua. Niliita. Kutoka orofa ya nne rafiki yangu akachungulia, mtandio mpya wa zambarau, akasema anakuja. Mwanangu akaacha injini ikiunguruma. Hicho ndicho kilichokuwa kipimo chenyewe: nusu saa, gari limesimama, hakuna upepo, mama mmoja mzito anashuka ngazi.

Tulimsikia kabla ya kumwona. Kila orofa alipumzika na kuzungumza na aliyepita. Orofa ya nne alilaumu mjenzi. Orofa ya tatu alipata mtu wa kumpa mkono wa Idi, na mkono wenyewe ulichukua muda. Mwanangu alikuwa na simu pajani, ina jina la yule mtu wa vyuma. Mshale ulikuwa katikati. Halafu ukasogea. Unene wa uzi tu, lakini ukasogea, na ukasogea tena.

"Mama," akasema. Hakusema mathe.

Nikamwambia angoje. Nilitoa kichwa dirishani, nikafumba macho. Nilikuwa nasikiliza mbele, kule ndani ya chuma, kama ninavyosikiliza kifuniko. Wimbo ulikuwa mzito.

Kisha feni ikawaka. Yenyewe. Hakuna aliyeigusa. Ilivuma kwa muda, mshale ukarudi nyuma unene wa uzi, ukakaa katikati, na feni ikazima kama mtu aliyemaliza kusema lake.

Mwanangu alicheka. Alicheka mpaka akaweka paji la uso kwenye usukani, na mabega ni yale yale ya baba yake. Feni ikawaka mara ya pili rafiki yangu akiwa orofa ya kwanza, na mara ile mwanangu alikuwa tayari ameweka simu sikioni. Nilimsikia akimwambia yule mtu asijisumbue Jumamosi. Yule mtu lazima aliuliza sababu, kwa maana mwanangu alijibu, "Inatumika, boss. Na mathe."

Rafiki yangu akatokea mlangoni, amelowa jasho, ameshika kitasa. Alilitazama gari kwa mashaka.

"Mbona limenyamaza hivi?" akauliza. "Mimi huwa nalisikia kutoka orofa ya pili. Leo nimeshuka nikidhani mmeniacha."

Tulimwingiza kiti cha mbele, mguu mmoja, halafu mwingine, halafu yeye mwenyewe. Njia yote mpaka Majengo nilimsimulia habari za sufuria na yeye hakuniamini, alitaka kujua kwa nini sikutia iliki.

Kwenye uchochoro wake wa zamani tulifungua milango yote minne. Wakaja na sahani, mmoja mmoja, na yeye akawa anaonja. Huyu chumvi. Huyu amejitahidi. Huyu ameolewa lini, mbona wali wake bado unauma. Sahani zikawa nyingi kuliko mapaja yetu. Mtu mmoja akauliza aweke wapi sinia la pilau lisipoe, na rafiki yangu, bila kugeuka, akamwambia aweke juu ya boneti.

Mwanangu alitaka kusema kitu kuhusu rangi ya gari. Nikamgusa bega. Akatoka, akaweka kiganja juu ya boneti kwanza, kama ninavyofanya mimi, akakiacha hapo kidogo.

"Joto la kutosha," akasema, na akalipokea sinia.